Vigelegele vya Bi Kanga kwenye Karamu ya Ndovu

Tu! Tu! Tu!

Mmesikia? Usiku wa manane, watu wamelala, na ngoma inalia mlimani. Msinikumbatie hivyo, hata mimi naogopa, ngojeni niifungue hadithi vizuri kabla haijanikimbia. Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa maji, pakawa kiu, pakawa na mwenye kiu kuliko wenzake. Mpo?

— Tupo! Lete!

Basi hapo kale palikuwa na bonde, na bondeni palikuwa na bwawa. Bwawa moja, wenyewe wengi. Ukingo wa mashariki wa Nyati. Ukingo wa magharibi wa Twiga. Ukingo wa matope wa Ngiri, nani mwingine angeutaka? Na pembeni kabisa palikuwa na kipande cha changarawe, kidogo, kama mkeka wa mtoto. Hapo alikunywa Bi Kanga na vifaranga wake, maana kwingine kote kifaranga akiinama tu, kwato inamshukia. Kishikeni kichwani hicho kipande. Kikienda, watoto wameenda.

Sasa ile ngoma. Ilikuwa ya Ndovu Mkuu wa ng'ambo ya mlima. Mkubwa huyo! Akipiga chafya kule, huku majani yanapukutika. Mto wake alikuwa ameunywa hadi mchanga, yeye na jamaa zake, lakini hilo hakulisema. Kulipokucha akamtuma Kasuku, msemaji wake, apite mlango kwa mlango.

"Mkutano! Mkutano mkubwa! Ndovu Mkuu anawaita viongozi wa bonde. Anawapenda! Anawaheshimu! Na chakula kipo!"

"Chakula gani?" akauliza Ngiri.

"Njoo utaona."

"Basi mwambie nimeshafika."

Ndege nao walitakiwa wapeleke mkubwa wao, Mbuni. Mbuni kusikia jina la Ndovu, akasema mguu unamuuma. Mguu upi? Yote miwili! Wakatazamana, wakamtazama Bi Kanga.

"Mimi?" Bi Kanga akaruka. "Mimi naogopa hata kivuli changu, jamani, na hawa watoto nimwachie nani?"

"Nenda nao," wakasema, na kila mmoja akaruka zake.

Akaenda nao. Mama mbele, watoto nyuma kama shanga. Mama hana pa kuuweka woga, anautia kapuni anatembea nao.

Kufika mlimani, Kasuku yuko juu ya kisiki, kifua mbele. "Mheshimiwa Nyati! Mheshimiwa Twiga! Mheshimiwa Ngiri! Mheshimiwa... na watoto! Itifaki imezingatiwa!"

Kwanza ikawa kivuli cha pamoja. Ndiyo, kivuli, walisimama kwa mstari ili vivuli vyao viangukie mwamba mweupe, bonde zima liwaone walivyo marafiki. Ndovu akasimama katikati. Kichwa cha Twiga kikapita nje ya mwamba. Ngiri akaonekana mkia peke yake. Bi Kanga hakuonekana kabisa, alikuwa chini ya sikio la Ndovu. "Umependeza sana, Mheshimiwa!" Kasuku akampongeza, wala hakusema ni nani.

Kisha Ndovu akasema atazungumza na kila mmoja, faragha, kibandani.

Akaingia Nyati. Akatoka shingo imenyooka.

Akaingia Twiga. Akatoka anatabasamu na mawingu.

Akaingia Ngiri. Akatoka mkia umesimama wima, nanyi mnamjua Ngiri, mkia ukisimama pana jambo.

"Mjomba, kumezungumzwa nini?" Bi Kanga akamuuliza.

"Hali ya hewa," akasema Ngiri, akatazama pembeni.

Akaingia Bi Kanga. Ndani giza, harufu ya majani makavu, na juu huko macho mawili madogo. Sauti ikashuka polepole.

"Kanga, mama wa wengi. Katika hao wote, rafiki yangu ni wewe peke yako. Nipe kile kipande chako cha changarawe nikulindie, nami nitakufanya mkuu wa bwawa zima. Wenzako hawajui. Usimwambie mtu."

Enhee. Utamu ulimpanda, nisiwadanganye. Mkuu wa bwawa! Hata manyoya yalimsimama. Halafu kifaranga mmoja akalia chini ya bawa, pii, na utamu ukakatika.

"Na nisipotoa, mzee?"

Ndovu akainua mguu, akautazama chini yake kama anayetafuta mwiba. "Mguu wangu," akasema, "hauoni vizuri."

Angekuwa mmoja wenu angefanyaje? Mimi ningelia. Naye machozi yalimlenga, akasema haraka haraka, "Sitamwambia mtu, mzee, naahidi, jibu nitakupa kwenye chakula," akatoka na watoto wake mbio.

Nje akawatazama wenzake. Shingo ile. Tabasamu lile. Mkia ule. Akajisemea, "Mbona wanatembea kama nilivyotaka kutembea mimi sasa hivi?" Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Chakula kikaletwa. Kwetu wageni hula sinia moja, si ndiyo? Mkono ukakutana na mkono. Pale kila mgeni akapewa sahani yake, Nyati kule, Twiga kule, Ngiri kule, hata kuombana chumvi hamsikiani. Kasuku akasimama, akasafisha koo.

"Kabla ya kufunga, Mheshimiwa Kanga atatoa neno la shukrani na... jibu."

Ndovu akaushusha mguu wake karibu. Karibu sana. Bi Kanga akaona ukucha mmoja tu umemjaa macho. Kusema, ameahidi asiseme. Kukataa, mguu. Kukubali, watoto. Akafunga macho, akafungua mdomo, na kilichotoka si neno.

Kilitoka kigelegele.

Lilililililiii! Mara ya kwanza watu wakageuka. Lilililililiii! Mara ya pili wakaacha kula. Lilililililiii! Mara ya tatu akasema, "Hongera! Hongera mkuu mpya wa bwawa zima! Asimame tumtunze!"

Nanyi mnajua kwetu. Kigelegele kikikuita, hukai. Awe bibi harusi, awe mtoto aliyefaulu mtihani, hata mwenye aibu gani, miguu inamwinua yenyewe.

Nyati akasimama.

Twiga akasimama.

Ngiri akasimama, mdomo bado umejaa.

Wakatazamana, mmoja, wawili, watatu. Hata inzi walitua.

"Shemeji," Nyati akamwambia Twiga, "mbona umesimama?"

"Nilishasimama tangu zamani, mimi ni mrefu. Wewe je?"

"Na wewe Ngiri?"

"Mimi nanyoosha miguu," akasema Ngiri.

"Miguu yenyewe iko wapi?"

Ngiri akakaa, akasimama, akakaa, akashindwa. "Haya basi! Aliniambia nitoe matope yangu, niwe mkuu, nisimwambie mtu!"

"Mimi ukingo wangu wa mashariki!"

"Mimi wa magharibi!"

Wakamgeukia Ndovu wote pamoja. Ndovu akamtazama Kasuku, Kasuku akatazama mbingu, akasema kwa sauti ndogo, "Mkutano umefana."

Nyati aliichukua sahani yake, akaimwaga kwenye sahani ya Twiga. Ngiri akaleta yake, akimega njiani. Wakamwita Bi Kanga na watoto, wakazunguka sahani moja, na ule mguu ukajikuta peke yake uwanjani, hauna hata wa kumtisha.

"Mzee," Nyati akasema, "kama una kiu, sema una kiu. Karibu bwawani, unywe zamu yako kama sisi. Lakini neno letu utalikuta kwenye sinia moja, mbele yetu wote. Na kile cha changarawe ni cha watoto, hakizungumzwi."

Ndovu akanywa zamu yake. Na mwaka wa pili alipowaalika tena, walikwenda? Walikwenda! Ngiri alifika kabla ya mwaliko. Ila walikwenda na sinia lao.

Sasa sikieni la mwisho, sogeeni. Wakati wa kuagana, siku ileile ya kwanza, Ndovu aliinamisha mkonga hadi sikioni kwa Bi Kanga. "Ulinivunjia ahadi."

"Sikusema hata neno, mzee. Nilishangilia tu."

Ndovu akafikiri, akaona ni kweli. Akanong'ona, "Basi lingine. Kesho nina mkutano bonde la pili. Hotuba ni ileile. Usimwambie mtu."

"Naahidi," akasema Bi Kanga.

Na hakumwambia mtu. Alipanda jiwe la juu kabisa, akageukia bonde la pili, akapiga vigelegele hadi jua likazama. Mnawasikia kanga jioni, kelele zisizoisha? Hawasemi kitu wale.

Hadithi yangu nimeitua. Ikiwa tamu, megeni sinia moja. Ikiwa chungu, mpishi ni mimi, uchungu niachieni. Nayo alinipa mama mmoja mwenye watoto wengi, akanishika mkono, akaniapisha. Basi baada yenu nyinyi, haki ya Mungu, simwambii mtu mwingine.