Mahindi Juu ya Mafiga

"Moshi utoao machozi ndio utunzao mbegu." Wajukuu walipomuuliza Bi Sayi maneno hayo yalitoka wapi, hakuacha kupukuchua mahindi. Methali hii, akasema, ilianza hivi.

Mji mdogo wa Mwanhembe uliishi kwa kiwanda cha kuchambua pamba. Kiwanda kilipofungwa, maduka nayo yalifungwa moja moja, watu wakahamia Mwanza. Binti mmoja, Limi, naye akaenda. Dada yake, Nyanzala, akabaki na mama yao kipofu, akipikia kwenye mafiga, macho mekundu mwaka mzima.

Kila Krismasi Limi alikuja akinukia marashi. Mama alimpapasa mikono, akasema mwanangu huyu ananukia kama ua, na siku ya kuondoka alimfungia mahindi ya mbegu yaliyo bora, asisahau kwao. Nyanzala alikuwa jikoni akisonga ugali, na neno hilo la ua lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Yeye aliyemwogesha mama kila siku hakuwahi kuambiwa ananukia nini.

Mwaka mmoja Limi alimletea dada yake jiko la gesi. Nyanzala akazima mafiga siku ileile. Mama alimkumbusha kwamba mbegu zilizoning'inia darini zilihitaji moshi wa kufukuza wadudu.

"Limi akinukia ni ua," Nyanzala akamjibu. "Mimi nikitaka kunukia, mbegu zinalia?"

Mama akayapapasa mafiga yaliyopoa.

Mvua zilipokaribia, Nyanzala aliteremsha mahindi, na vumbi la fukusi likammwagikia usoni; punje zote zilikuwa zimetobolewa. Zamani angeomba mbegu kwa jirani. Sasa nyumba za jirani zilikuwa na makufuli, na ndani ya lililokuwa duka la pembejeo walilala mbuzi. Bila mbegu, wao pia wangelazimika kuhama, na mama alikwishaapa kwamba hataliacha kaburi la mumewe.

Alimpigia Limi simu, akijiandaa kuchekwa. Siku ya tatu Limi akafika. Hakunukia marashi. Alifungua kanga, ndani yake yale mahindi aliyofungiwa na mama, meusi kwa masizi, mazima.

"Uliyaweka wapi hata yakapona?"

"Juu ya jiko langu. Napika vitumbua kwa kuni, dada, uani kwa watu. Marashi nilikuwa najipaka nikishuka garini, msije mkaunusa moshi."

"Na ile gesi?"

"Najua moshi unavyouma. Hela ilitosha jiko moja." Limi akainama. "Nami nilikuonea wivu. Wewe ukikohoa, yupo wa kukwambia pole."

Mama aliwavuta wote wawili, akawanusa vichwa. "Leo wa mjini ndiye anayenukia moshi, sijui yupi ni yupi," akasema.

Nyanzala akawasha mafiga, Limi akapuliza, mahindi yakarudi darini kungoja mvua. Macho yakawatoka machozi. Na mama, akiwasikia wakipenga kamasi kwa zamu, ndiye aliyesema kwanza: moshi utoao machozi ndio utunzao mbegu.