Mkeka wa Mwanamkasi

Sogeeni, wanangu, hadithi imefika mlangoni.

Mama yake Mwanamkasi aliugua. Jini la mkinduni likamletea binti ukindu. "Suka mkeka. Mama akiulalia, atapona. Inuka kwa sala na kwa kumhudumia tu. Ukiinukia upuuzi, mkeka utafumuka wote."

Akasuka. Shoga yake akaita, "Mwana, bi harusi anapita." Akatoka, mkeka ukafumuka.

"Bado, mwanangu?"

"Bado kidogo, mama."

Akaanza upya. "Mwana, Bi Mize anasutwa huku." Akatoka, ukafumuka.

"Bado, mwanangu?"

"Bado kidogo, mama."

Mara ya tatu hakuitwa. Alisikia kicheko tu, akaenda kuchungulia, ukafumuka.

Alipoumaliza, mama hakuuliza tena. Mkeka ule ukafunika jeneza, wala haukufumuka.

Hadithi nimeilaza hapo. Mungu awarehemu mama zetu.