Kwa Nini Mti wa Kutafutia Una Mzizi Juu na Majani Chini

Sogeeni karibu, na mwenye njugu azitafune polepole asitusumbue. Kulikuwa na wakati ambapo mti wa kutafutia haukuwapo kabisa. Kitu kikishawekwa na vingine, kukipata ilikuwa kupekua kimoja kimoja, toka mwanzo mpaka mwisho, hata kama mwenyewe analia mlangoni.

Wakati huo, katika nchi ya vilima, watu hawakulala na mbegu nyumbani. Walijijua. Njaa ikiingia na mtoto akalia, mama atazitia chunguni, na msimu ukifika atapanda nini? Basi kila nyumba ilijaza mbegu zake kwenye kibuyu ikazipeleka ghalani, na ghala lilikuwa na mtunzaji mmoja. Mtunzaji huyo alikuwa Mghoi, mke wa Mwandoe, aliyeirithi kazi ile kwa mama mkwe wake.

Ghala lilikuwa refu kama safari, na vibuyu vilikaa kwa jinsi vilivyofika: aliyekuja kwanza mbele, aliyechelewa nyuma. Mvua ya kwanza ikidondoka, watu wote walikuja kwa pamoja, na mvua za huko hazikuwa na subira. Mghoi aliingia ndani akapekua, akatoka na kibuyu, akaingia tena. Nje Mwakio, jirani mwenye mdomo mrefu, alipaza sauti:

"Shemeji! Humo ndani unatafuta kibuyu au unatafuta mume wa pili?"

Watu wakacheka. Mghoi naye akacheka, lakini cheko lake liliishia menoni, kwa sababu aliyekuwa nyuma kabisa ya watu wale alikuwa Wakesho, wifi yake, mjane mwenye watoto wadogo. Misimu miwili mfululizo kibuyu cha Wakesho kilionekana wakati ardhi imeshakauka. Misimu miwili watoto wale walikula mizizi ya porini.

"Sikulaumu, wifi," Wakesho alimwambia. "Ila mwaka huu mwanangu mdogo hainuki tena mkekani."

Neno lile lilimwingia Mghoi mifupani. Na wazee nao wakatoa lao: mvua ijayo, kibuyu cha mtu kikichelewa tena, ghala livunjwe, kila mtu aondoke na mbegu zake. Kila mtu alijua maana yake. Mbegu zitaliwa zote, na kilima kitahama.

Sasa watu wale walikuwa na desturi mbili zao wenyewe. Ya kwanza, hakuna aliyemwamkia mwenzake kabla jua halijamfikia. Jua la asubuhi lilitambaa juu ya vilima nyumba kwa nyumba, na aliyelipata alimwita anayefuata: "Limefika!" Kwa hiyo hata mtoto alijua nani analipata jua kabla yake na nani baada yake. Ya pili, nyumba ikijaa hawakubanana. Waligawana nusu kwa nusu, nusu wakajenga pembeni, na jina la mtu wa katikati likapelekwa juu kwa wazee. Mgeni akija, wazee walimtajia mmoja wa hao wa katikati wakamuuliza tu, "Unayemtafuta, jua linamfikia kabla ya huyu au baada yake?" kisha wakamwelekeza upande wa kushuka.

Siku moja Mghoi alikuwa anachambua kunde, akamwona mgeni akishuka kutoka kwa wazee moja kwa moja mpaka mlangoni kwa watu aliowataka, bila kubisha nyumba nyingine hata moja. Ungo ukamponyoka.

"Mama," akamwambia mama mkwe wake, "mbona watu hawapotei, mbegu ndizo zinapotea?"

"Sijui, mkazamwana. Okota kunde kwanza."

Kunde ziliokotwa na kuku siku ile. Mghoi alikwenda mtelemkoni akajenga vibanda vidogo, akavipanga vibuyu kwa mwendo wa jua. Upande wa juu wa mtelemko akasimamisha nguzo, na kwenye nguzo akatundika vigae vya vyungu, maana kila nyumba ilikuwa na nakshi yake. Kigae kilisema: walio kabla ya huyu nenda kushoto, yeye na walio baada yake nenda kulia.

Lakini alikosea. Wahamiaji walikuja upande wa machweo, na Mghoi, kwa huruma ya kutowasumbua wenyeji, alikiongeza kila kibanda kipya chini ya kile cha mwisho. Upande ule ukashuka bondeni, kibanda chini ya kibanda.

"Shemeji, ghala lako limeota mkia wa ngedere!" Mwakio akamwambia. "Wa mwisho huko watafute mbegu zao kwa mbwa wa kuwinda."

Mghoi alitaka kumjibu vibaya. Kisha akautazama ule mkia, akaona kweli amerudia ghala lile lile refu, ila limelala kwenye mtelemko. Alisahau desturi ya pili! Akaubomoa. Kibanda kikijaa akakigawa nusu kwa nusu, akakiweka kipya pembeni, si chini, na kigae cha wa katikati akakipandisha kwenye nguzo. Vibanda vyote vikakaa mstari mmoja, hakuna kilicho mbali kuliko kingine. Akavifunga kamba kutoka kimoja hadi kingine, ili anayezitaka mbegu za ukoo mzima apite bila kupanda tena juu.

Mawingu yakajikusanya. Na ndipo, angalieni mambo, wahamiaji wengine wakaja na vibuyu vyao mbio mbio. Kibanda kikajaa, kikagawanywa, kigae kikapanda. Nguzo nayo ikajaa vigae, ikagawanywa, kigae cha katikati kikapanda nguzo ya juu yake. Nguzo ya juu kabisa, iliyokuwa mzizi wa yote, nayo ikajaa.

"Umekwisha," alisema Mwakio. "Juu yake hakuna kitu."

"Basi kutakuwapo," alisema Mghoi. Akaigawa nguzo ile, akapanda juu zaidi, akachimbia nguzo mpya kwa mikono yake na kutundika kigae kimoja tu.

Tone la kwanza likampiga usoni.

"Wakesho! Njoo mbele, wifi! Jua linakufikia kabla ya huyu au baada yake?"

"Kabla!"

"Shuka kushoto! Na hapo?"

"Baada!"

"Kulia! Nyoosha mkono!"

Wakesho akanyoosha mkono, akatoka na kibuyu chake kabla vumbi halijalowa. Vigelegele vikapanda kilimani vikazidi ngurumo. Watu wakashuka, kila mmoja kwa njia yake, na hata aliyefika jana alikuta chake kwa mwendo ule ule wa mwenyeji. Mwakio alitoka na cha kwake amekishika kifuani kama mtoto mchanga.

"Shemeji," akasema, "hata kukutukana hukunipa nafasi."

Jioni ile vilima vyote vilikuwa vimepandwa. Msimu ulipoiva, yule mtoto mdogo wa Wakesho alikuwa akifukuza ndege shambani kwa miguu yake mwenyewe.

Na tangu siku hiyo mti wa kutafutia, ndio huo wa nguzo na vibanda, huota kwa kichwa: mzizi juu kama nguzo ile, majani chini kwa mstari mmoja kama vibanda, na ukijaa hujigawa na kumpandisha wa katikati. Hata mafundi wanaotunza majina ya watu ndani ya kompyuta huupanda vivyo hivyo. Ndiyo maana ukienda zahanati, binti wa dirishani akagonga jina lako, habari zako zinatokea kabla hujakaa vizuri kwenye benchi. Humo ndani, Mghoi anauliza: kabla ya huyu, au baada yake?