Gobore la Luhende Ni la Nani Sasa?

Anayetaka kukohoa akohoe sasa, na mwenye chungu jikoni akaepue, maana kesi hii ikishaanza haina wa kuirudia. Na msije mkasema mwishoni kwamba hamkuambiwa: waamuzi ni ninyi.

Palikuwa na ndugu watatu, baba mmoja mama mmoja, huko Unyamwezi, katika kijiji cha Itundu ambako mihogo inaishia na pori linaanzia hapohapo. Wa kwanza, Mihambo, alikuwa mhunzi. Kitu chochote kinachoyeyuka kilimtii. Moto ulikuwa umemkausha mikono hata viganja vyake vikawa bapa kama ubao wa kukatia nyama. Wa mwisho, Milembe, alikuwa mwanamke mwenye macho ya karibu. Mbuzi akisimama ng'ambo ya ua, Milembe alimwamkia shikamoo, lakini ukimwekea mtama mkononi alikuonyesha punje iliyotobolewa na mdudu.

Wa katikati aliitwa Lugembe, na kipaji chake kilikuwa kusubiri. Msicheke. Lugembe alisubiri treni Tabora mpaka wauza karanga wakamjua kwa jina. Alisubiri meli Kigoma, alisubiri mshahara Kitwe, na Lubumbashi alisubiri kitu ambacho yeye mwenyewe alikuja kukisahau. Wenzake walipoanza kupata wajukuu, yeye alirudi nyumbani na begi, goti bovu, na lugha nyingi za kusalimia ambazo hata kwa moja usingeweza kukopa chumvi. Kaka yake akampa pa kulala ghalani.

"Karibu sana, shemeji," mke wa Mihambo alimwambia. "Ila mahindi yakikomaa, kati yako na mahindi mmoja atalala nje. Na mahindi hayana goti bovu la kuyaombea huruma."

"Nimelala na mizigo ya kila aina, shemeji. Mahindi yatanizoea."

"Wewe utayazoea. Mimi ndiye sitakuzoea."

Wakacheka wote wawili, lakini Lugembe alikwenda kuyatazama mahindi shambani, na yalikuwa yanakomaa.

Sasa, baba yao, marehemu Luhende, alikuwa mlinzi wa mashamba ya Itundu. Kazi ile ilikwenda pamoja na gobore, na kibanda imara ukingoni mwa pori, na kapu la nafaka kutoka kila nyumba wakati wa mavuno. Mwenye gobore alikuwa na pa kulala na cha kula mpaka siku ya kufukiwa. Luhende alipofariki, vyote vikabaki bila mwenyewe. Nguruwe pori, ambao habari za misiba huwafikia mapema, wakahamia mihogoni. Mbaya wao alikuwa dume mmoja mwenye mabega ya ndama. Alilima shamba la Milembe kuliko Milembe mwenyewe, na jirani aliyekutana naye njia ya kisimani alirudi na paja lililochanika.

Shangazi Nkwimba, dada wa marehemu, ambaye akisema jambo katika ukoo ule hakuna wa kusema baada yake, akawaita wote watatu.

"Atakayemwangusha yule dume ndiye atakayekaa kwenye kibanda cha kaka yangu. Nimemaliza. Nani ananiletea maji ya kunywa?"

Kwa ambao hawajawahi kulishika, gobore si bunduki ya kutia risasi iliyokwisha kutengenezwa. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unafuatisha risasi, unashindilia kwa mdeki, yaani ule ufito mrefu, kisha unapachika nyuma fataki ya kuiwasha baruti. Baada ya jasho lote hilo unapata mlio mmoja. Ukikosa, nguruwe hakai kukungoja ushindilie tena. Kwa hiyo kazi yote iko kwenye kipimo, na kipimo cha Luhende kila mtu Itundu alikijua: weka risasi kiganjani, imwagie baruti mpaka isionekane. Basi.

Mihambo akatangulia. Hakuwa na risasi, akachukua goroli za baiskeli, akaona zikiwa nyingi mojawapo haitakosa pa kuingia. Akazilaza kiganjani, akamwaga baruti, akamwaga, akamwaga. Alipofyatua, nguruwe alikimbia mzima, goroli zikatoboa mapapai ya jirani, na gobore likarudi nyuma likamvunja mtulinga. Mkono wa nyundo ukafungwa kwa khanga shingoni. Mganga wa mifupa akamwambia utapona kwa kulia chakula, si kwa kufulia chuma.

Lugembe akafuata. Naye aliweka goroli kiganjani, akamwaga baruti mpaka zisionekane. Gobore likatoa sauti ya mzee anayesafisha koo. Goroli zilimfikia dume begani, zikaanguka chini, naye akasimama akajikuna.

"Umempiga?" Milembe alimwuliza.

"Nimemtekenya."

"Kaka Lugembe, nionyeshe mkono wako. Na wewe kaka Mihambo, ule mzima."

Milembe akaviweka viganja viwili karibu na pua yake, kama anayechambua mchele. Kile cha Mihambo kilikuwa bapa, baruti inatawanyika, ili ifunike kitu lazima uimwage nyingi. Kile cha Lugembe kilikuwa laini chenye shimo katikati kama upawa, kitu kinazama, baruti kidogo tu inakifunika.

"Mkono laini," Mihambo alisema. "Sijui huko Kitwe ulikuwa unachimba nini."

"Foleni, kaka. Nilikuwa nachimba foleni."

"Ninyi mmefuata neno la baba," Milembe alisema, "lakini neno lile lilikuwa la mkono wake. Mikono yake ilipoanza kutetemeka alikuwa akiniambia, 'Lete wako, umefanana na wangu.' Namwagia hapa, yeye anasema basi. Nitengenezeeni risasi kama za baba, moja, ya mviringo. Goroli sizipimi."

"Na goroli hazifai hata zikipimwa," Mihambo alisema. Alikuwa amekwenda kuziokota pale dume aliposimama. "Ngozi ya bega lake ni soli ya kiatu. Goroli ni nyepesi na ngumu, inadunda. Hapa panataka risasi nzito, laini, ikiingia itanuke."

Akapasua betri kuukuu ya lori, akayeyusha ile risasi ya ndani, madini yenyewe, akaimimina katika kalibu ya udongo, yote hayo kwa mkono wa kushoto, huku akiusemesha kama mtumishi mgeni. Ya kwanza ilikuwa nene, ikakwama katikati ya mtutu, na ilimchukua nusu siku kuitoa. Risasi isiyokaa juu ya baruti huacha nafasi, na nafasi ile hupasua mtutu usoni mwa mpigaji. Ya pili ilikuwa nyembamba, ukiinamisha gobore inajitokea yenyewe. Akaona kumbe ile nyembamba ndiyo, ila inataka kuvikwa. Akaomba kitambaa laini. Lugembe akakata mfuko wa suruali yake, ambao kwa miaka mingi haukuwa na kazi nyingine. Wakaupaka mafuta ya kondoo, wakaifunga risasi, ikashuka na mdeki taratibu mpaka chini ikatulia.

Walipokwisha kuitoa tena, Milembe akaiweka risasi ile ya Mihambo kwenye kiganja chake mwenyewe, akaimwagia baruti punje kwa punje, uso umeinama. Ilipotosha akasema basi kwa sauti ya baba yao, hata Mihambo akageuka. Akaimwaga baruti ile ndani ya pingili ya mwanzi, akaikata pingili usawa wa baruti. Kuanzia hapo kipimo kilikuwa na mwili.

Nani apige? Mihambo hakuwa na bega. Milembe angempiga shangazi. Akabaki wa katikati.

Lugembe alijibanza nyuma ya kichuguu pembeni mwa mihogo kabla hapajapambazuka. Majike wakapita na watoto wao, karibu kabisa, nyama nyingi na rahisi. Akawaacha wapite. Siafu wakapanda kwenye goti bovu, wakaliona ni la kupumzikia. Akawaacha. Hatimaye dume akatoka, lakini alikuja uso kwa uso, na paji la uso la nguruwe ni mfupa wa kuchezea risasi. Mtu mwingine angefyatua kwa hofu tu. Lugembe alifikiria ghala, akafikiria mahindi, na alichojua ni kwamba goti lile halitapanda tena nyuma ya lori lolote. Akasubiri. Dume akang'oa muhogo, akatafuna, akapumua hata Lugembe akaisikia harufu ya kifungua kinywa chake. Kisha akageuka kufuata shina la pili, akaonyesha ubavu, pale nyuma ya bega.

Gobore likalia kama zamani. Akina mama waliokuwa wakifagia nyua zao walisimama, wakadhani marehemu amerudi kazini. Moshi ulipoinuka, dume alikuwa amelala juu ya muhogo wake.

Watu wakaja na visu, masufuria na maoni. Shangazi Nkwimba akaweka kigoda chake, akalilaza gobore mapajani, akasema, "Nyama mtagawana, hiyo haina kesi. Haya, mmoja mmoja."

"Shangazi," Mihambo alisema, "dume yule alipigwa na goroli akajikuna. Alipopigwa na risasi yangu akafa. Na mimi mhunzi nimeuacha mtulinga wangu mlangoni mwa kazi hii. Nyundo siiwezi tena. Nisipokaa kwenye kibanda kile, watoto wangu nitawalisha nini?"

"Risasi aliyokuwa nayo kaka ilikuwa jiwe mpaka nilipoipimia," Milembe alisema. "Kipimo kilikuwa kimekwisha kuzikwa, kikabaki kwenye mkono wangu peke yake. Na shamba linaloliwa kwanza ni langu, kila msimu. Baba alinifundisha mimi. Kama ningezaliwa mwanamume, leo pangekuwa na maneno?"

Watu wakamgeukia Lugembe, wengine wamekwisha kutayarisha meno ya kucheka. Lakini safari hii hakutania.

"Shangazi, ulisema atakayemwangusha. Mimi nimemwangusha. Baruti na risasi vilikuwepo tangu jana, na dume alikuwa hai. Kaka ana nyumba. Dada ana nyumba. Mimi nina begi."

Mke wa Mihambo, aliyekuwa akimcheka tangu aje, akainama akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Washirikiane," mtu mmoja akasema kutoka nyuma. "Wawe nalo wote watatu."

"Wewe unayesema hivyo hujawahi kushika gobore," shangazi alimjibu. "Likishashindiliwa, huoni ndani. Huyu akishindilia asubuhi na yule akashindilia jioni bila kuambiana, mtutu unapasukia usoni mwa wa tatu. Na hata wakipeana zamu, mmoja atasahau mwenzake ameliachia nini tumboni. Kaka yangu alikuwa peke yake si kwa uchoyo. Gobore lina mwenyewe mmoja, na kibanda kinafuata gobore."

Akawatazama watoto wa kaka yake. Kila alipomwondoa mmoja akilini, dume alisimama tena na kuendelea kula. Bila Milembe, kulikuwa na bega jingine la kuvunja au mzee mwingine wa kusafisha koo. Bila Mihambo, kulikuwa na goroli za kuokota. Bila Lugembe, kulikuwa na jike mmoja wa mboga, na dume kesho mihogoni. Na kati ya watatu wote hakuna aliyemtazama mwenzake, jambo ambalo shangazi hakuwahi kuliona tangu walipokuwa wakigombania mgongo wake.

Akaegemea gobore, akasimama. Sasa analishika kwa mikono miwili, na lazima alitue mbele ya mtu.

Haya, kigoda ni chako na shangazi ni wewe. Usiniambie wagawane, hilo umesikia lilivyokataliwa, wala usilikimbize mpaka kesho, kwa maana nguruwe wengine wako porini na wamesikia mlio mmoja tu wa kweli. Unampa nani gobore la Luhende? Na ukishampa, wale wawili waliobaki wamesimama hapo mbele yako, utawaambia nini?