Viatu vya Wifi

Wapendwa, kulikuwa na binti mmoja aliyekaribia kuolewa. Miguu yake ilikuwa mipana kwenye vidole na myembamba kisiginoni, na kila kiatu cha mchuchumio alichojaribu kilimng'ata. Alizunguka maduka ya mjini mpaka wauzaji wakamzoea. Kila mmoja alimhakikishia kwamba vitalegea akishavivaa. Akina mama mliopo hapa, huwa vinalegea? Kinacholegea kwanza ni mguu.

Siku moja akaja wifi yake, dada wa bwana harusi, na viatu vyeupe ndani ya boksi. Binti akavijaribu, akatembea sebuleni, akageuka, akarudi. Havikumuuma popote. Mnadhani alifurahi? Alisimama akiwaza: huyu aliyemtakia kaka yake mke mwingine, leo kanipendea nini?

Wifi alipoondoka, akavigeuza. Soli zilikuwa na mikwaruzo. Ndani, pale kisigino kinapokaa, ngozi ilikuwa imelainika na ina doa la jasho. Akapiga simu.

"Wifi, hivi viatu ni vipya?"

"Nilivinunua dukani, vipya."

"Mbona kama vimevaliwa?"

Wifi akanyamaza kidogo. "Wewe vivae tu, wifi yangu. Havitakuumiza."

Kule kunyamaza ndiko kulikoharibu. Shangazi yake alipoonyeshwa zile soli alisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba wapo watu wanaotaka bibi harusi aingie kanisani na makombo ya mguu wa mwingine. Wakaanza kukumbuka na mengine: siku ya posa wifi huyo hakugusa chakula, siku nyingine alicheka peke yake. Shaka ikishapata kiti, haikosi kualika wenzake. Viatu vikarudishwa kwa mwenyewe, kwa maneno ya heshima, kwamba vinabana.

Siku ya harusi binti alivaa vyake alivyojinunulia, vinavyong'aa. Ibada ilimalizika akitabasamu kama mtu anayeng'olewa jino. Kabla ya kuingia ukumbini aliketi katika chumba cha kubadilishia nguo, akasema hawezi kuinuka. Wifi akaja na lile boksi. Alikuwa nalo siku nzima. Akapiga magoti amvishe.

Havikuingia. Miguu ilikuwa imeshavimba.

Bibi harusi akatazama chini, akaona wifi yake kaja harusini na ndala. Moyo ukamwambia, hiyo si dharau? Kisha akaviona visigino. Vyote viwili vimechubuka, plasta juu ya plasta.

"Wifi, umefanya nini?"

"Kaka aliniambia kila kiatu kinakuumiza. Hivi vilikuwa vigumu, lakini mguu wetu ni saizi moja. Basi nikawa navivaa nikipika, nikifua, mpaka vikalainika. Sikutaka kukwambia, usije ukaona nakusimanga."

Wifi akavua ndala zake, akamvisha bibi harusi, akainua pindo la gauni lisiburuzike, akamfuata ukumbini pekupeku.

Msimsonye binti huyo, ndugu zangu. Ni sisi. Jirani akitutembelea, tunauliza kafuata nini. Mwenzetu akitusaidia, tunangoja kuona atadai nini. Hata neema ya Mungu tunaishika kwa ncha za vidole, tukihofia mtego uliofichwa ndani. Na mikwaruzo tunaiona kweli, macho yetu ni mazima. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kuuliza ni mguu gani ulioumia mpaka soli ikakwaruzika? Tunajijibu wenyewe, halafu tunakwenda kuumia kwa hiari yetu, tena kwa fahari.

Leo hapa yupo mtu aliyemrudishia mwenzake wema wake kwa maneno ya heshima. Unajijua. Usimpigie simu. Nenda mwenyewe, na ukifika, kabla hujamtazama usoni, mtazame miguu.