Kibuyu cha Kizingitini

Mkataa kwao ni mtumwa. Methali hii watu huiimba kama kasuku, wakidhani inamhusu kijana aliyekwenda ng'ambo akasahau lugha ya mama yake. La hasha! Wapo wanaokataa kwao huku wamekaa papo hapo kwao, wanatembea juu ya makaburi ya wazee wao kila siku, wala hawaoni haya. Shangazi Eulette MacKellar wa kijiji cha Windward, katika kisiwa cha Carriacou, kaskazini ya Trinidad, alikuwa mmoja wao.

Jumamosi ile ukoo wa MacKellar ulikuwa usimamishe jiwe la Babu Alban. Kwetu mtu huzikwa upesi, lakini jiwe la kaburi husubiri miaka, mpaka watoto wapate uwezo wa karamu. Na jiwe lisiposimama, marehemu hajapumzika. Likishasimama, habari yake imefungwa. Desrine, mjukuu wa Babu Alban, alikuwa amevuka kutoka Trinidad mapema, akawa anachora mti wa ukoo ili watoto waliozaliwa mbali wajue walikotoka. Kila tawi lilijaa majina isipokuwa mahali pamoja. Mama yake Babu Alban hakuwa na jina, wala kaburi, wala mtu wa kumtaja.

"Nilishakwambia," Shangazi Eulette alimjibu, akichambua mchele bila kuinua macho. "Alikuwa Mskoti, mzungu hasa. Alifia melini, akazikwa baharini. Utamchimbua kwenye maji?"

"Na jina lake je, Shangazi?"

"Ah! We mtoto una maswali kama askari wa forodha."

Desrine alikuwa na sababu ya kung'ang'ania. Watu wa Windward ni mafundi wa mashua, wazao wa Waskoti, na wapo wanaoringia weupe wa ngozi zao utadhani waliununua dukani. Desrine alizaliwa mweusi tii. Siku alipozaliwa, Shangazi Eulette alimtazama mtoto, akamtazama mama yake, Ionie, akasema mbele ya wanawake wote, "Rangi hii si yetu. Kamtafute baba yake." Neno hilo likaenea kijijini kama moto wa makuti. Baba yake Desrine, sasa marehemu, ambaye alikuwa kaka yake Eulette, alinyamaza jii. Ionie akafunga virago na mtoto mgongoni, akaenda kufua nguo za watu Trinidad, akafa huko, huku nyuma Windward bado akiitwa malaya na watu aliowahi kuwapikia. Kosa lake lilikuwa nini? Kuzaa!

Cosnel, fundi wa jiwe, alikuwa ameacha nafasi. "Nimechonga 'Mwana wa Hector MacKellar na', nikakwama hapo," alimwambia Desrine Ijumaa mchana. "Shangazi yako anataka niizibe hiyo 'na' kwa saruji. Nikishaikoroga kesho asubuhi, dada yangu, mimi simo tena."

Ijumaa jioni nyumba nzima ilinukia mapishi. Meza ya wazee ilitandikwa kitambaa cheupe chumbani: ugali wa mahindi uliofinyangwa madonge, kuku, samaki, ndizi, na chupa ya ramu. Kisha mlango ukafungwa ili wafu wale kwanza, na hakuna mtu wa Carriacou anayethubutu kudokoa meza hiyo. Desrine alizunguka nyuma kuchota maji. Akamkuta shangazi yake amechuchumaa kwenye kizingiti cha jiko la zamani, lile la nje ambalo halikuwa likipikiwa tena, anapakua chakula katika kibuyu kilichochakaa.

"Kula, Bibi Zabette," alikuwa akinong'ona. "Kula ushibe, uniwie radhi. Usituharibie shughuli yetu kesho."

Damu ilimchemka Desrine. "Unamlisha nani, Shangazi?"

Mwanamke yule aligutuka kama mwizi. "Mbwa!"

"Mbwa anaitwa Bibi? Na tangu lini mbwa akaombwa radhi?"

"Kachote maji yako! Mwana mbea wewe!"

Asubuhi watu walijaa uani. Jiwe lililazwa chini limefunikwa shuka jeupe, na wapiga ngoma walikuwa wameketi tayari. Desturi ni kwamba mkubwa wa ukoo humwaga maji na ramu ardhini akiwaita wafu wote kwa majina, na mwenye chupa hiyo mkononi hasemi uongo, kwa kuwa wanaomsikiliza si walio hai peke yao. Shangazi Eulette alimwita Hector, akawaita ndugu zake na wake za ndugu zake, kisha akataka kuifunga chupa. Ndipo Desrine alipotokea, akakiweka kile kibuyu juu ya shuka.

"Bado mmoja, Shangazi."

"Usinitie aibu mbele za watu."

"Aibu? Aibu uliimwaga wewe juu ya mama yangu! Chupa hiyo mkononi mwako. Mwaga, useme kwamba katika ukoo huu hakuna Zabette. Sema tu, nami napanda boti leo hii, hamtaniona tena."

"Mwaga basi, Eulette," mama mmoja aliguna. "Jua linatuunguza."

Shangazi aliinua chupa. Kisha akaishusha bila kumwaga. Alimdanganya Desrine, akamdanganya padri, akakidanganya kijiji kizima. Lakini kumkana mfu kwa ramu yake mwenyewe kulimshinda.

"Alikuwa bibi yangu," alisema mwishowe. "Mama mzazi wa baba. Alikuwa mweusi, mjukuu wa watumwa wa mashamba ya pamba. Wageni wakija tulimficha jikoni. Alifia humo humo, tukamzika nje ya ua, kule penye michongoma. Na ndiye aliyenilea. Ndiye aliyekuwa akinisuka nywele."

"Na nilipozaliwa mimi, ulijua rangi hii imetoka wapi?"

"Nilijua."

"Siku ile ile?"

"Nilipokuona tu, nilimwona yeye. Una uso wake."

Watu waliguna. Desrine alilia kwa hasira, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. "Mama yangu alikufa akilisubiri neno hilo. Neno moja! Ulikuwa nalo mdomoni miaka yote, ukaona bora umnong'onezee maiti kizingitini!" Akageuka. "Fundi Cosnel, andika."

Cosnel akaisukuma kando ndoo ya saruji, akafunua shuka, akashika tindo. Akachonga jina mpaka akalimaliza. Jiwe lilisimamishwa, na kila mtu akasoma: Alban, mwana wa Hector MacKellar na Zabette. Ngoma zikalia, na Desrine akawa wa kwanza kuingia uwanjani kucheza.

Shangazi alimfuata kwa unyonge. "Mwanangu, utanisamehe?"

"Kamwombe mama yangu. Kibuyu si unacho? Anza kumlisha na yeye."

Zabette, mjukuu wa watumwa, alikufa hajamkana mtu. Eulette, aliyezaliwa huru, mwenye nyumba na ardhi, aliishi akimwogopa bibi yake mzaa baba, akimpelekea chakula kwa kunyatia kama kijakazi anayemwibia bwana wake. Haya, niambieni, kati ya hao wawili mtumwa ni yupi? Mkataa kwao ni mtumwa.