Mbegu za Faida ya Kicheche

— Hadithi, hadithi!
— Hadithi njoo, mwongo tumjue!

Hapo kale, wanyama walilima. Mwaka mmoja jua likawaka hadi maghala yakabaki na mbegu za mtama tu, za kungojea mvua. Atakayepoteza mbegu, wanawe watalala njaa. Shikeni hilo, msije mkaniuliza baadaye.

Akaja Kicheche, mgeni, ulimi asali. Akasema ana shamba ng'ambo ya mlima, mtama wake huiva kwa siku saba. Lete pishi moja, chukua pishi mbili.

Nungunungu akapeleka, akapata mbili, akakitangazia kijiji kizima. Digidigi akapeleka, akapata. Ngiri akapeleka, akapata. Wote wakazirudisha zile mbili, zizae nne. Kulala walilala, lakini kwa kuota utajiri tu.

Akabaki Kanga, mjane mwenye vifaranga tisa. Kicheche akamfuata. "Mama Kanga, leo ndiyo mwisho. Kesho nafunga mlango."

Kanga akauliza shamba liko wapi. Siri. Nani analilinda? Siri. Basi aone hata jani moja. Kicheche akanuna, akasema wanaouliza sana hufa maskini.

"Mtaka cha mvunguni huinama," Kanga akajibu, "lakini mimi huchungulia kwanza."

Akaenda kwa Nungunungu, aliyekuwa amelipwa faida asubuhi ileile. Sasa jueni, kila nyumba ina njia yake ya kuzuia wadudu. Ngiri hutia mbegu majivu. Digidigi huzitundika juu ya moshi. Nungunungu huchanganya na pilipili kavu. Kanga akadonoa mtama ule wa faida mara ya kwanza: majivu. Akadonoa mara ya pili: moshi. Mara ya tatu akapiga chafya.

"Jirani, huko ng'ambo mtama huota na pilipili yako?"

Nungunungu akaonja mwenyewe, akaitambua pilipili yake. Hakukuwa na shamba. Walikuwa wakilishana wenyewe kwa wenyewe, Kicheche akimega katikati. Aibu ikamshika. Akanong'ona, "Usiseme kwanza. Niache nikatoe zangu."

"Ukitoa zako, unatoa za nani?"

Nungunungu, nampenda kwa hili, akaenda kumwamsha Ngiri usingizi wa mchana, akakiri mbele yake. Wakamwamsha na Digidigi.

Wakamwendea Kicheche wote kwa pamoja, kila mmoja akidai mbegu zake leo. Akasema kesho. Akasema keshokutwa. Akasema wiki ijayo. Ngiri akasukuma mlango wa ghala kwa meno yake marefu: magunia yalikuwa pumba, juu yamefunikwa mtama kidogo. Wakamfunga Kicheche kamba, wakagawana kilichosalia. Kila mmoja akapata nusu pishi. Kanga hakupungukiwa hata punje.

Wingu la kwanza likatanda. Kila mtu akakimbilia jembe, Digidigi akaachwa ashike kamba ya mfungwa.

Kicheche akamwambia kwa upole, "Ndugu yangu, wewe una akili kuliko hawa. Nifungue, unipe hiyo nusu. Safari hii nakupa tatu."

Digidigi akatazama shambani. Akatazama kikapu chake. Akauliza polepole, "Kwa siku ngapi?"

Kanga akamnyang'anya kamba. "Mvua imekuja leo. Nenda kapande."

Digidigi akaenda, akapanda, wanawe wakala.

Hapo ndipo nilipoiacha. Kama tamu, gawaneni. Kama chungu, nirudishieni mwenyewe, tena hiyohiyo moja. Msinidai mbili.